Salamu za Kuvusha Ukuta

Mvua za masika mwaka huu zimeuangusha ukuta wa uani kwetu hapa Rebero, Rwanda. Ulianguka alasiri, taratibu, kama mtu mzima anayejilaza, ukaziponda pilipili hoho za jirani. Nilipotoka kwenda kumwomba radhi nilimkuta ameshika kiuno, anacheka. Ni mwalimu mstaafu aliyekulia Bujumbura.

"Pole sana, mwalimu," nikamwambia.

"Pole ya nini, madamu? Miaka yote hii nasikia redio yako tu. Leo nimekuona mwenyewe."

Kesho yake akaja fundi kutoka Rwezamenyo, akapiga goti na kuchokoa udongo kwa mwiko. "Mama, hii ukuta haikukuwa na fondasio," akasema. "Walipanga matofali juu ya udongo tu. Ilikuwa nasimama kwa huruma ya Mungu." Akaanza kugonga vipande vilivyobaki, na harufu ya saruji iliyolowa ikanijia puani. Nikakaa barazani, chai ikanipoa mkononi.

Wewe unayenifahamu unajua kwamba nimekulia Tanzania. Hilo namwambia kila anayeniuliza Kiswahili changu nimekipata wapi. Nisilolisema mara nyingi ni kwamba katikati ya utoto wangu kuna miaka michache niliyoishi Berlin, upande wa Mashariki, katika mtaa uliokuwa mfupi kwa sababu ulikatwa. Ulianza vizuri tu kama mitaa mingine, una duka la maziwa, una miti, una kibanda cha magazeti, halafu ghafla ukagota kwenye ukuta mweupe mrefu kuliko Baba. Ng'ambo ya ukuta ule mtaa uliendelea, na jina lilikuwa lile lile.

Tulifikaje huko? Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Tanzania wakiwa watoto. Mama alivuka mto Akagera mgongoni kwa bibi yangu, akakulia Karagwe, na huko ndiko alikoolewa. Baba alijaliwa sauti. Hata akiomba chumvi mezani ungedhani anatangaza habari. Wakati ule dunia ilikuwa imegawanywa na wakubwa wawili, Marekani na Usovieti, na kila mmoja alitaka sisi Waafrika tumsikilize yeye. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa upande wa Usovieti, nayo ilikuwa na redio iliyotangaza kwa Kiswahili. Wakamtaka Baba. Tukaondoka na pasipoti zetu za Tanzania, mabegi mawili na unga wa muhogo ambao bibi alituapisha tusiuache.

Habari ya ukuta Baba alinieleza kwa chapati. Aliipasua katikati, akasema: baada ya vita kuu washindi waliigawana Ujerumani hivi. Halafu akachukua kipande cha mji mkuu, uliokuwa ndani kabisa ya nusu ya Mashariki, nacho akakipasua tena. "Watu wa upande huu walikuwa wanahamia upande ule, kila siku, kwa kuvuka barabara tu," akasema. "Serikali ikaona nchi inabaki tupu. Ndipo asubuhi moja watu wakaamka, wakakuta seng'enge katikati ya mji. Baadaye ukaja ukuta." Nikamuuliza waliokuwa wamelala kwa shangazi zao usiku ule walifanyaje. Alinipa chapati nikala.

Baridi ya kwanza ilitukuta hatujui kuwasha jiko. Jiko lenyewe lilikuwa la vigae, limesimama pembeni ya chumba kama kabati, na lilikula makaa ya mawe yaliyotengenezwa mfano wa matofali madogo. Mama alilijaza akalitia kiberiti, na nyumba nzima ikafuka moshi. Tulikuwa tunakohoa mlango wazi aliposhuka mwanamke wa ghorofa ya juu, kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Alipiga magoti, akatoa kila kitu, akapanga upya: karatasi, vijiti, kisha makaa, mlango mdogo wa chini wazi kidogo. Moto ukashika. Mama akampa chai ya tangawizi na maandazi. Alifanya kazi bekari, kwa hiyo andazi alilitazama kwanza kwa ndani, akalinusa, akala, kisha akanyoosha mkono kuchukua lingine. Kuanzia siku hiyo alikuwa Jirani. Jina lake tulilijua, lakini Mama alimwita Jirani kwa Kiswahili, naye aliitika.

Kuchota makaa kutoka chumba cha chini ya jengo kukawa kazi yangu, na aghalabu niliifanya pamoja naye. Nakumbuka ubaridi wa ngazi, harufu ya kabichi kutoka kila mlango, na vishindo vya ndoo zetu. Kutoka mlango wetu harufu ilikuwa ya ndizi. Ndizi upande wa Mashariki zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, lakini sisi wageni tulikuwa na ruhusa ya kuvuka kwenda Magharibi, na Mama, mtu wa Karagwe, hakuona sababu nyingine ya kuvuka mpaka wa mataifa makubwa ila kutafuta ndizi mbichi. Alirudi nazo kwenye kapu, akazipika kwa nyama na vitunguu, na ghorofa zote zikajua.

Siku moja Jirani alitukaribisha kwake. Dirisha lake la jikoni lilitazama juu ya ukuta, akanipandisha kwenye kigoda nione. Kumbe ukuta haukuwa mmoja. Kulikuwa na wa kwetu, kisha uwanja mpana wa mchanga uliopitishwa reki hadi ukalainika kama unga ili unyayo wa mtu uonekane, kisha taa, minara ya walinzi na mbwa waliofungwa kwenye waya mrefu, halafu ukuta wa pili. Mama alitazama kwa muda.

"Ardhi yote hiyo," akasema, "na hakuna anayepanda hata maharage."

Nilipomtafsiria Jirani alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akaonyesha kwa kidole mnara wa kanisa uliochomoza mbali, ng'ambo. "Mama yangu yuko nyuma ya mnara ule," akasema. Alisema kama unavyosema mtu yuko sokoni, anarudi sasa hivi.

Mambo mengine tuliyajua kidogo kidogo. Mume wake alipewa ruhusa ya kwenda kuzika ndugu upande wa pili, hakurudi. Tangu hapo Jirani alinyimwa ruhusa ya kuvuka. Mama yake ndiye aliyekuwa akija kumtembelea, maana watu wa Magharibi waliruhusiwa kuingia kwa siku moja moja, hadi mzee yule akavunjika nyonga, na mtoto wa jicho akaanza kumfumba macho. Barua zilifunguliwa na watu wasiohusika kabla ya kufika, na zikifika mzee hakuweza kuzisoma. Jumapili kengele ya kanisa lile ilisikika pande zote mbili. Jirani aliacha alichokuwa akifanya, hata kama mikono imejaa unga, akasimama mpaka ikanyamaza. Alijua mama yake naye anaisikia.

Jioni tulipoyajua yote hayo, Mama aliosha vyombo kwanza. Ndipo akamwambia Baba, "Mimi mgeni navuka kutafuta ndizi. Yeye mwenye mji hawezi kumwona mama yake. Nitaonaje raha kula?"

Basi tukawa tunavuka na keki. Jirani alioka keki ya plamu, tunda la kwao, Mama akaibeba, nami nikabeba maneno. Kijerumani cha Mama kilikuwa cha sokoni tu, lakini mimi nilisoma shule na watoto wa pale na ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Jirani alinikalisha juu ya meza ya jikoni, akanisuka nywele kama alivyofundishwa na Mama, huku akinipa salamu za kwenda nazo. "Mwambie plamu za mwaka huu ni chachu. Mwambie saa ya babu inatembea tena, ila inachelewa. Sasa rudia." Nilirudia. "Sivyo, mimi husema polepole zaidi." Nikarudia polepole. Mwishoni alinikumbatia kwa nguvu, akanibusu juu ya paji, akasema, "Na hili pia umpelekee."

Mzee yule nilimwita Oma, neno lao la bibi. Baada ya kuvunjika alihamishiwa chumba cha chini, katika nyumba nyingine, pasiwe na ngazi. Palinukia kahawa na dawa ya kuchua. Alinishika uso kwa viganja vyake vikavu, akauliza, "Haya, binti yangu anasemaje?" Nilisimama wima, mikono nyuma, nikasema yote kwa sauti ya Jirani, na mapumziko yake, na namna alivyovuta mwisho wa neno. Oma alifumba macho yale ambayo tayari hayakuona vizuri. Mama aliketi kwenye kiti cha dirishani, hakuelewa hata nusu, na kila mara alikuwa na la kufuta machoni. Nikimaliza nilimkumbatia Oma kwa nguvu zile zile, nikambusu paji la uso. Naye akanipa yake ya kurudi nayo: paka wa mlango wa pili amezaa, mchungaji mpya anahubiri kwa pua, na binti yake awe anavaa soksi.

Ilikuwa kazi tamu, nami niliiona kubwa kuliko ya Baba. Ila ilikuja ikaharibika, na iliharibiwa na upendo wao wenyewe.

Jirani aliomba tena ruhusa ya kwenda kumwona mama yake. Hawakumpa, na muda mfupi baadaye akaondolewa bekari, akapelekwa kufanya usafi wa usiku katika majengo ya ofisi. Akakonda. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya sweta. Siku ya kunipa salamu alinishika mikono yote miwili. "Oma asijue," akasema. "Mwambie bado naoka. Mwambie nimenenepa."

Nikavuka na maneno hayo. Siku hizo Mama alinifikisha mlangoni tu, akaenda kutafuta ndizi. Nilimkuta Oma amelala. Nyonga ilikuwa imemshinda; mwanamke wa kanisa ndiye aliyemletea chakula na kumgeuza. Nilipomaliza kusema kwamba Jirani amenenepa, Oma alitabasamu, akanivuta karibu. "Binti yangu asijue kwamba siinuki," akanong'ona. "Mwambie hukai na mimi ndani sana siku hizi, kwa sababu nakutembeza bustanini."

Sijui kama umewahi kubebeshwa siri na watu wawili wanaopendana. Nilirudi Mashariki nikiwa na bustani mdomoni. Jirani akashusha pumzi, akasema, "Mungu ni mwema, anatembea." Usiku sikulala vizuri. Mama alidhani ni minyoo, akanipa dawa. Nilitamani kumwambia, lakini nilikuwa nimewaahidi wote wawili, na kwa mtoto ahadi ni ahadi. Kila safari niliogopa nitajichanganya, nimpe huyu siri ya yule.

Halafu likaja jambo la mpakani. Askari aliyetupokea siku hiyo alikuwa kijana, chunusi bado ziko shavuni. Aliichoma keki kwa fito nyembamba ya chuma, akatazama ncha.

"Keki mnampelekea nani?"

"Rafiki," Mama akasema.

"Rafiki gani?"

Mama akaanza kuifunika keki. Nikasema mimi, "Bibi."

Askari akanitazama mimi, akamtazama Mama, akatazama pasipoti. "Bibi yako wewe anaishi Berlin?"

"Kwetu kila mzee ni bibi."

"Na ukifika unamwambia nini?"

Maneno yote ya Jirani yalinijia mdomoni, nikayameza. "Namwamkia," nikasema.

"Namna gani?"

Nikapiga goti kidogo pale pale sakafuni kwao, nikasema, "Shikamoo." Askari hakucheka. Alilirudia neno polepole, vibaya sana, kama mtu anayejaribu chakula kigeni. Kisha akagonga mhuri na kutusukumia pasipoti.

Kwenye treni Mama alikaa akishikilia keki iliyotobolewa, na vituo viwili vikapita bila sisi kushuka. Siku chache baadaye Baba aliitwa ofisini na mtu mpole wa serikali, aliyemwambia kwa tabasamu kwamba familia yake inavuka na keki nyingi.

Jioni ile waligombana kwa Kinyarwanda, lugha waliyoitumia wakidhani sielewi.

"Sisi hapa ni wageni," Baba alisema, sauti ya redio imemwisha. "Wakitufukuza turudi wapi? Tanzania tulipokewa tu. Rwanda haitutaki. Una nchi ya tatu mfukoni?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akajibu kwa Kiswahili. "Sikuambiwa mwenyeji afe na mgeni yupo, anatazama." Halafu akalegeza sauti. "Mama yangu kila asubuhi anasimama kwenye kilima cha Karagwe kutazama milima ya kwao. Anaiona. Hawezi kwenda. Mimi nimekulia kwenye kutazama huko. Mtu akitengwa na mama yake kwa mto au kwa ukuta, mimi naona ni kitu kimoja."

Baba alivikusanya vikombe mezani kimoja kimoja. Mwisho akasema, "Basi mpunguze keki."

Tukapunguza keki, hatukuacha salamu. Kiangazi kikaisha. Mtaani watu wakaanza kuzungumza kwa sauti walizokuwa hawanazo zamani, wakawasha mishumaa makanisani, wakaandamana. Darasani kwetu madawati yakawa yanabaki wazi, familia zimepitia nchi nyingine zikatoroka. Mwalimu aliita majina, akafika kwenye jina la asiyekuwepo, akaruka haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Na Oma alikuwa anapungua. Safari ya mwisho ya vuli ile hakuninong'oneza la bustani. Alinishika tu mkono akasema, "Mwambie kengele naisikia." Nilimfikishia Jirani neno hilo kama lilivyo, naye akanitazama kwa namna iliyonifanya nikimbilie ndoo ya makaa.

Asubuhi moja Baba alirudi kutoka redioni vifungo vya koti vimepishana. Alikuwa hajalala. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Mpaka uko wazi," akasema. "Nimeisoma habari mwenyewe kwa Kiswahili, na sikuiamini sauti yangu."

Wakati huo huo tukasikia vishindo vya ndoo kwenye ngazi. Jirani alikuwa anapandisha makaa, ametoka kwenye kazi yake ya usiku. Njiani alikuwa ameona watu wanaimba akadhani ni walevi. Baba akamfuata.

"Jirani, mpaka uko wazi. Watu wanapita."

"Usinitanie, bwana. Nimechoka."

"Sitanii."

Aliweka ndoo chini polepole, kana kwamba makaa ni mayai. Akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani atalia, au atakimbia, lakini alichosema ni hiki: "Ile nyumba aliyohamia siijui. Nitafikaje kwa mama?"

Wote wakanigeukia. Mama akachukua koti langu kwenye msumari. "Vaa," akasema. "Mpeleke."

Umati kwenye kivuko ulikuwa kama siku ya soko. Watu wasiojuana walikumbatiana. Nilimshika Jirani mkono. Ulikuwa mweusi kwa makaa, maana hakunawa, na chini ya koti alikuwa bado na aproni ya kazi. Tulipofika kwa askari alitoa kitambulisho chake. Askari akampungia tu mkono apite. Jirani hakusogea. Alibaki amenyoosha mkono, watu nyuma wakitusukuma.

"Kitazame," akamwambia. "Usije ukasema baadaye kwamba nilitoroka."

Askari akakichukua, akakitazama kwa makini kama alivyotaka, akagonga mhuri. "Haya, mama," akasema kwa upole. "Umepita."

Ng'ambo watu walikuwa wanagawa kahawa, na mtu mmoja kwenye gari la mizigo alikuwa anagawa ndizi mbivu. Jirani hakupokea kitu. Alitembea kama mtu aliyeamka kutoka homani, akisoma vibao vya mitaa. Nilimwongoza mtu mzima katika mji aliozaliwa: hapa tunakata kushoto, hapa tunangoja taa, duka hili wana mbwa mkali. Tulipofika chini ya mnara wa kanisa alisimama, akainua kichwa.

"Ni mfupi," akasema. "Kutoka dirishani nilidhani ni mrefu sana."

Nilibisha hodi kama siku zote. Sauti ya Oma ikatoka ndani, nyembamba. "Ni wewe, mtoto?"

"Ni mimi."

"Uko na mama?"

"Leo sikuja na Mama."

Jirani alikuwa amejiegemeza mlangoni, mkono mdomoni. "Nani yuko nawe?" Oma akauliza. "Nasikia pumzi ya mtu."

Ndipo Jirani akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, kama alivyopiga magoti mbele ya jiko letu siku ile ya kwanza. Viganja vya Oma vikapanda, vikamshika uso, vikashuka shavuni, shingoni, kwenye mifupa ya mabega. Vikakaa hapo.

"Umekonda," Oma akasema.

"Nawe uko kitandani," Jirani akajibu.

Halafu wote wawili, yule anayeona na yule asiyeona, wakageuza nyuso upande niliposimama. Nilidhani sasa nitaulizwa, na nitakaripiwa kotekote.

"Ulijua," Jirani akasema.

"Nilijua."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Oma ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Maskini," akasema, "tumemtwisha mtoto wa watu gunia." Jirani akanivuta, nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikalala katikati yao, na masizi ya mikono yake yakatupaka sote hadi kwenye shuka. Nililia mimi peke yangu. Nililia kwa nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani ambaye shingo ndiyo kwanza inaanza kuuma.

Oma hakufa vuli ile. Jirani alihamia kwake, akarudi kuoka mikate, na mzee akaishi miaka mingine kadhaa, hata akakaa kwenye kiti dirishani. Sisi hatukukaa sana. Nchi ile yenyewe ilikwisha, na redio yake ikanyamaza pamoja nayo. Baba alisoma habari yake ya mwisho, akafunga mabegi. Tukarudi Karagwe. Baadaye, baada ya mauaji ya kimbari, tulivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda tukiwa na bibi yangu, ambaye alikuwa ameitazama milima hii uzee wake wote. Tuliikuta nchi imejaa nyumba zisizo na watu. Hayo yana mahali pake pa kusimuliwa, na siyo hapa. Ninachosema ni kwamba bibi alizikwa kwao, na Mama alipofunika kaburi alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu alipokuwa mgongoni.

Sasa Mama ni mzee, anaishi nami, na wajukuu wanamuuliza kama ni kweli mji mmoja ulikatwa vipande viwili. Wanasikiliza kwa adabu, kama wanaosikiliza hadithi ya fisi. Wao wanavuka kwenda Uganda na vitambulisho vyao mfukoni, na wanalalamika foleni ikiwa ndefu. Huwa siwakaripii. Naona ni vizuri watu wafike mahali ambapo foleni ndiyo shida.

Mengi ya utoto ule yamepotea na nayatamani. Natamani joto la vigae ukiegemeza mgongo. Natamani ngazi zile zenye harufu ya kabichi na ndizi, keki ya plamu iliyotobolewa, sauti ya Baba kabla haijazeeka. Uso wa Oma siukumbuki vizuri, nakumbuka viganja. Kijerumani changu kimebaki cha kuagizia kahawa. Lakini ule uzito wa kusimama kati ya watu wawili wanaopendana, nikichagua neno la kumpa huyu na la kumficha yule, sijautamani hata siku moja. Umekwenda. Uende salama.